Bampa ya mbele imekataa kutoka: dalili, sababu, na wakati wa kuita fundi

Kwenye video inaonekana mchezo. Klipu kadhaa chini ya boneti, skrubu moja kila upande wa gurudumu, vuta, bampa hiyo mkononi. Kisha unarudi kwenye gari lako mwenyewe, limeegeshwa uani Kyaliwajjala au Mbarara, unafungua kila kilichotajwa, unavuta, na bampa imetulia palepale.

Sababu kubwa ni kwamba gari la kwenye video bado lina vifungo lilivyotoka navyo kiwandani. Lako lilitumika Japani, likashushwa Mombasa, likapanda kwa barabara hadi Kampala, na tangu hapo limepita mikono ya mafundi. Aliyepaka rangi alirudisha klipu chache kuliko alizotoa. Aliyebadilisha rejeta alikosa bolti akapiga skrubu ya mbao. Matuta ya barabarani yaling'oa vifungo vya chini, mtu akafunga waya. Ndiyo maana hapa hutapata hesabu ya vifungo. Hapa tunaanza na dalili: bampa imegoma wapi, inagoma vipi, na ni nini hasa kinaishika. Nimezingatia zaidi Subaru Impreza WRX, Subaru BRZ na pacha wake Toyota 86, ila mwenye Altezza au Celica ataona mambo ni yaleyale.

Jambo moja la kushika kuanzia mwanzo hadi mwisho: bampa ikikataa mvuto wa kawaida wa mikono miwili, kuna kifungo hujakiona. Acha kuvuta, anza kutafuta.

KABLA YA KUGUSA SKRUBU

Osha pua ya gari siku moja kabla, hasa ndani ya upinde wa gurudumu na chini. Udongo mwekundu wa barabara za maramu ukikauka ndani ya klipu unakuwa saruji, na nusu ya malalamiko ya "klipu imekwama" yanaishia kwenye ndoo ya maji ya sabuni na mswaki mkuukuu.

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Kama utainua gari, weka stendi. Jeki peke yake haitoshi, hata kwa "sekunde mbili tu nichungulie". Tofali nalo si stendi, linapasuka bila taarifa. Kwa kazi nyingi za bampa huhitaji hata kuinua: kunja usukani mpaka mwisho upande mmoja, gurudumu litafungua nafasi ya mkono, kisha kunja upande wa pili.

Zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, subiri dakika mbili tatu. Vihisi vya mbele vya mifuko ya hewa vimefungwa kwenye fremu nyuma ya bampa, na hutaki plagi yake iguswe umeme ukiwa unapita.

Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kwenye ukingo wa fenda (lile bati la juu ya gurudumu) na chini ya taa, pande zote mbili. Piga picha kila kona. Tandika blanketi au godoro kuukuu mbele ya gari, maana bampa ikitoka itahitaji mahali pa kulala. Na mwite mtu wa pili. Bampa si nzito, ila ni ndefu na inapinda katikati, na mtu mmoja akiishika upande huu, upande ule unajikwangua kwenye fenda.

Namba ya gari iache ilivyo, itatoka pamoja na bampa. Kama gari lako tayari lina namba mpya za kidijitali, usizipinde wala kuzitoboa kwa ajili ya kazi hii.

DALILI YA KWANZA: Klipu inazunguka tu, haitoki

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kuifungua kwa namna isiyo yake. Klipu za plastiki kwenye magari haya ni za aina tatu na kwa juu zinafanana. Ya kwanza, kichwa cha katikati kinainuliwa kwa bisibisi bapa mpaka kisimame, kisha klipu nzima inatoka. Ya pili ni kinyume chake: katikati inasukumwa ndani kidogo kwa ncha ya bisibisi mpaka usikie "tik", ndipo inatoka. Ya tatu ina alama ya nyota katikati na inafunguliwa kama skrubu. Ukiichokonoa ya pili kama ya kwanza utakula ukingo wake na kuanzia hapo imeharibika. Tazama kwa karibu: kama katikati kuna kijibonde kidogo cha duara na pembeni hakuna nafasi ya kuingiza ncha, hiyo ni ya kusukuma.

Sababu inayofuata ni vumbi. Pini ya kati imeshikana na mwili wa klipu, kwa hiyo ukizungusha kimoja vyote vinazunguka. Mwagia maji ya sabuni, sugua, mwagia tena. Usitumie petroli. Inachafua rangi, na uani kwenye sigiri na watoto ni hatari isiyo na faida. Kisha fanya kazi ya mikono miwili: bisibisi bapa moja nyembamba inainua mwili wa klipu kutoka chini ya ukingo wake, huku ya pili inainua pini. Ukiinua pini peke yake wakati klipu inazunguka utakesha hapo.

Sababu ya tatu ni klipu iliyochakaa, meno ya pini yameisha. Hapa usijihurumie. Kata kichwa kwa plaisi ya kukatia waya, sukuma kilichobaki kidondoke chini, andika kwamba unahitaji mpya. Klipu ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye gari hilo, na mtu anayevunja sikio la bampa (kile kijishikio chenye tundu la klipu au skrubu) ili kuokoa klipu amefanya biashara mbaya.

Ya mwisho, na hii inakuja sana kwa magari yaliyokwisha gongwa, ni klipu isiyo ya hapo. Fundi alikuta tundu limepanuka akapachika klipu nene ya gari lingine kwa nyundo. Hiyo haitatoka kwa heri. Kata.

Ukienda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kununua nyingine, nenda na sampuli mkononi. Muuzaji atakumiminia kiganja kizima cha klipu nyeusi na kukwambia, "Bosi, zote za Subaru." Pima shina kwa shina: matundu mengi kwenye magari ya Kijapani ni ya milimita 7 au 8, mengine 10, na klipu ya milimita 8 kwenye tundu la 7 ndiyo itakayomsumbua atakayefungua baada yako. Angalia pia urefu wa shina. Fupi mno haishiki pale vipande vitatu vinapokutana, yaani bampa, kava ya rejeta na bati. Nunua za ziada.

Kwa wenzetu wa Kabale na Kisoro: asubuhi ya baridi plastiki inakuwa kavu na inavunjika kwa mlio mmoja. Subiri jua la saa tano au sita lipashe pua ya gari. Huna haja ya moto wowote.

DALILI YA PILI: Skrubu imeliwa kichwa, au inazunguka bila kutoka

Haya ni matatizo mawili, yasichanganywe.

Kichwa kuliwa kunatokana kwanza na bisibisi. Skrubu za nyota za magari ya Kijapani zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, na mara nyingi utaona nukta ndogo imepigwa kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai mpaka chini ya nyota hiyo. Inaonekana imeshika, ukikaza inaruka, na kila ikiruka inachukua chuma kidogo. Tafuta bisibisi ya JIS kama unaipata, la sivyo tumia ncha nene kabisa inayoingia, isukume kwa uzito wa bega, ndipo uzungushe polepole. Kabla ya hapo puliza mafuta ya kulegeza kutu na uache robo saa. Kama kichwa ni cha pembe sita chenye nyota katikati, achana na bisibisi, tumia soketi. Nyingi ni namba 10 au 8.

Skrubu inayozunguka bila kutoka ni habari nyingine. Nyuma yake kuna nati ya bati, kile kipande chembamba kilichokunjwa na kuchomekwa kwenye sikio la plastiki. Bati likilika au sikio likipasuka, nati inazunguka na skrubu. Dawa ni kuingiza mkono nyuma ya kava ya matope, ile plastiki nyeusi ndani ya upinde wa gurudumu, na kuishika nati kwa plaisi yenye mdomo mrefu huku mwenzako anazungusha. Mkono ukikosa nafasi, ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa cha skrubu, ivute kuelekea kwako ili nati ijikaze kwenye plastiki, kisha zungusha. Mara nyingi inakubali.

Usiwashe moto kuilegeza. Kava ya matope inashika moto upesi na moshi wake ni mchafu, na kuna waya za taa sentimita chache tu kutoka hapo.

SIMAMA, ITA FUNDI: kama kilichokwama ni bolti ya chuma iliyofungwa kwenye fremu au kwenye bao la chuma nyuma ya bampa. Hiyo si sehemu ya kutoa plastiki ya nje, na ikikatika ndani ya fremu utahitaji mtu wa kutoboa na kutengeneza uzi upya.

DALILI YA TATU: Kila kitu kimefunguliwa lakini pembe imeng'ang'ania chini ya taa

Hii ndiyo inayoleta maswali mengi na hasara nyingi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Pembe ya bampa, pale inapokutana na fenda chini ya taa kubwa, kwa kawaida haishikwi na skrubu urefu wote. Inashikwa na breketi ya plastiki iliyofungwa kwenye fenda, na bampa ina ndimi ndogondogo zinazoingia kwenye breketi hiyo kwa kubofya. Kiwandani zilipachikwa kwa kofi la mkono na zinatoka kwa mvuto. Shida ni mvuto wa upande gani.

Sababu ya kwanza: skrubu ya upinde wa gurudumu bado ipo. Utaapa umeshaitoa. Angalia tena. Kuna skrubu inayoshika kava ya matope, unaiona waziwazi. Na kuna nyingine ambayo huioni mpaka uvute kava hiyo nyuma kwa mkono: imesimama wima ikielekea juu, pale ncha ya bampa inapogusa ncha ya fenda. Washa tochi ya simu, lala ubavu, tazama juu. Ukipitisha kidole nyuma ya mshono kutoka chini, utaigusa kabla ya kuiona. Kwenye magari yaliyowahi kupakwa rangi huenda pale pana riveti au skrubu ya mbao iliyopakwa rangi juu yake, na kwa macho tu ni kama sehemu ya bodi.

Njia ya kuhakikisha bila kuumiza kitu: shika ukingo wa bampa kwenye upinde wa gurudumu na uvute nje kidogo sana, upana wa sarafu. Ncha yote ikisogea pamoja, skrubu haipo, zimebaki ndimi. Ikiwa sehemu moja imebaki palepale na plastiki inajikunja kuizunguka, kidole chako kiko juu ya kifungo chenyewe.

Sababu ya pili: unavuta mbele badala ya nje. Macho yanataka bampa iende mbele, lakini ndimi zimeelekea pembeni. Anza kwenye gurudumu, si kwenye taa. Ingiza vidole nyuma ya ukingo, kiganja kikiwa karibu kabisa na mshono wa fenda, vuta kuelekea kwako ukiwa umesimama ubavuni mwa gari. Ulimi wa kwanza utatoa mlio mkavu unaotisha. Sogeza mkono kuelekea taa, vuta tena, ulimi wa pili. Usivute ukiwa umeshika katikati ya bampa, kwa sababu nguvu yote itaenda kwenye ulimi mmoja na ndio utakaovunjika. Mlio wa ndimi ni mfupi na bampa inaachia palepale. Mlio wa kitu kinachovunjika una mvutano kwanza na plastiki inakuwa na mstari mweupe. Ukiona weupe, acha.

Sababu ya tatu: rangi imegundisha. Fundi aliyepuliza gari bila kutoa bampa ameacha ngozi ya rangi juu ya mshono. Ukivuta, rangi ya fenda inakuja na bampa, kipande kikubwa kama kiganja. Kabla ya kuvuta pitisha wembe mpya kwenye mshono wote, kwa wepesi, mara kadhaa, ukate rangi tu. Kazi ya dakika tano inayookoa fenda nzima.

Sababu ya nne: breketi imepinda au imebadilishwa. Gari lililogongwa pembeni huenda lina breketi iliyoshikizwa kwa gundi, au haina kabisa na bampa imeshonwa kwenye fenda kwa waya mwembamba kutoka nyuma. Nimeona bampa ya WRX iliyoshonwa hivyo kwa ustadi mkubwa hata mshono ukawa mzuri kuliko upande ambao haujawahi kuguswa. Waya kata kwa plaisi. Gundi ni suala la fundi wa bodi.

SIMAMA, ITA FUNDI WA BODI: ukiona fenda yenyewe inajipinda wakati unavuta, au mshono wa upande mmoja ni mpana na wa upande mwingine umebana. Hiyo ni dalili kwamba gari lilinyooshwa na bampa ndiyo inayoficha. Ukiitoa mwenyewe, hutaweza kuirudisha ilipokuwa.

DALILI YA NNE: Pembe zote zimeachia, katikati haisogei

Tazama chini kwanza. Kava ya chini ya injini imefungwa kwenye ukingo wa bampa kwa klipu na bolti, na kwa sababu magari haya pua zao zinakwangua matuta, vifungo vya asili vya hapo huwa vimekwisha zamani. Badala yake utakuta riveti, vipande vya waya wa kufungia mabati, au vifungo vya plastiki vya kukaza waya. Kama kuna lipu, yaani mdomo wa ziada wa chini ya bampa ulioongezwa kwa mapambo, ina skrubu zake tofauti, na baadhi zimepenya mpaka kwenye kava.

Kisha juu. Grili kwenye Impreza nyingi ina vifungo vyake, na mtu hufungua kava ya juu ya rejeta akadhani amemaliza. Toa kava yote, usiipindishe tu. Chini ya taa kubwa, upande wa ndani, kuna kulabu ndogo za kuinua: inua bampa juu kidogo, kisha vuta mbele. Watu wawili, kwa pamoja, "moja, mbili, inua".

Mara chache, sponji la kupunguza mshtuko lililo nyuma ya bampa limegandishwa kwa gundi kwenye plastiki. Likikuja nalo, acha lije.

DALILI YA TANO: Imetoka nusu, halafu kuna kitu kinavuta kutoka ndani

Usivute. Shikilia bampa ikiwa sentimita ishirini kutoka kwenye gari, mwenzako achungulie.

Karibu kila mara ni plagi za taa za ukungu, moja kila upande. Bonyeza ulimi wake kwa ndani kabla ya kuitenganisha. Vumbi likiwa limeujaza, ulimi haubonyezeki, kwa hiyo puliza au usafishe kwa mswaki kwanza. Inayofuata ni waya za nyongeza: taa za LED za mapambo, honi ya pili, king'ora ambacho mwenye gari wa kwanza alikipenda. Hizo mara nyingi hazina plagi, zimeunganishwa kwa kukwaruza waya wa taa ya ukungu na kuzungushia tepu. Piga picha, kata katikati ya waya wa nyongeza na si kwenye waya wa gari, na ukirudisha uweke plagi halisi.

Kuna pia kihisi kidogo cha joto la nje, kimeshikizwa mbele ya rejeta, waya wake mwembamba sana. Na kama gari lina vinyunyizio vya kuosha taa kubwa, kuna bomba la maji. Weka kopo chini kabla ya kulichomoa, maji yatamwagika.

Wakati bampa iko wazi, kumbuka kilicho nyuma yake: kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta), mapezi yake membamba ukiyagusa kwa bisibisi yanalala. Weka kipande cha katoni mbele yake mara tu nafasi ikipatikana.

SIMAMA: ukisikia "ssss" kutoka kwenye bomba la AC, ondoka pua ya gari. Gesi ya R134a imo kwa mgandamizo mkubwa na inachoma ngozi na macho kwa baridi. Huyo ni fundi wa AC, bila mjadala. Vilevile, taa za zenoni hutumia umeme wa maelfu ya volti wakati wa kuwaka. Usifungue kifaa chake, na usijaribu taa huku mkono wako uko nyuma yake.

DALILI YA SITA: Sikio limevunjika au bampa imechanika

Geuza bampa, tafuta herufi zilizopigwa kwa ndani. Ukiona PP, hiyo ni polipropilini, na gundi ya haraka haitashika, hata kama inaonekana imeshika leo. Inahitaji kuchomelewa kwa joto na kijiti cha PP hiyohiyo, na mafundi wa plastiki wa Katwe na Ndeeba, Kampala, wanafanya hivyo kila siku. Sikio dogo unaweza kulisaidia mwenyewe kwa kipande cha bati chembamba kwa nyuma na riveti mbili fupi, mradi kisigusane na mshono wa fenda.

Kama kwa ndani unaona nyuzinyuzi kama nywele zilizogandishwa, hiyo ni faibaglasi, bampa ya kuongezewa. Haipindi, inapasuka. Matundu yake pia hayalingani na ya kiwandani, kwa hiyo usilazimishe klipu. Panua tundu kwa tupa, na uvae barakoa, vumbi lake linawasha koo na mapafu.

Mpasuko wa zaidi ya urefu wa kiganja, au unaofika kwenye ukingo wa taa, mpe fundi. Mwambie achomelee kwa nyuma kabla ya fila, yaani tope la kujazia. Fila peke yake kwenye plastiki inayotikisika itadondoka.

DALILI ZA BAADA YA KURUDISHA

Mshono haulingani. Sababu ya kwanza ni mpangilio wa kufunga. Watu hukaza juu kwanza kwa sababu ndipo pa rahisi. Chomeka plagi zote, ning'iniza katikati, piga pembe kwa kofi kuanzia kwenye taa kurudi nyuma kwenye gurudumu, tia skrubu za pembeni bila kukaza, kisha juu, kisha chini, na kukaza kuwe mwisho kabisa. Kama bado hailingani, angalia sponji: likikaa vibaya sentimita mbili linasukuma bampa nje.

Inalia barabarani, hasa kwenye maramu. Karibu kila mara ni kava ya chini. Gonga kwa ngumi gari likiwa limesimama, utasikia inakolia.

Taa zinamulika juu au chini kuliko awali. Kama ulilazimika kulegeza taa, hapa ndipo utajuta kutoweka alama. Njia nyepesi kwa wanaosoma kabla ya kuanza: egesha mbele ya ukuta usiku, bandika tepu pale mwanga unapokatika, rudisha gari mahali hapohapo ukimaliza.

Joto la nje linaonyesha namba ya ajabu na AC haipozi. Kihisi kile kidogo hukukichomeka. Kwa magari kadhaa kompyuta inadhani nje ni baridi kali na inaizuia kompresa.

Injini inapanda joto kwenye msongamano wa magari, jambo ambalo halikuwepo. Hili lichukulie kwa uzito. Pande zote mbili za rejeta kuna plastiki au sponji za kuongoza upepo, ambazo wengi huona kama takataka na kuziacha kwenye katoni. Bila hizo hewa inapita pembeni. Zirudishe, pamoja na kava ya chini. Kisha hakikisha plagi ya feni haikuguswa: washa AC gari likiwa limesimama na utazame feni kama zinazunguka. Ikiwa zinazunguka na joto bado linapanda, zima injini, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, na ita makanika. Injini za Subaru hazisamehe kupikwa, na gasketi ya hedi, inayoziba kichwa cha injini, ni gharama kubwa kuliko bampa mpya.

Taa ya mfuko wa hewa imewaka na haizimiki. Usiifute kwa mashine ya kuazima, na usianze kupima waya za rangi ya njano kwa taa ya majaribio. Hizo ndizo za mifuko ya hewa, na umeme mdogo wa kipimo unaweza kuufyatua mfuko. Kagua kwa macho tu, betri ikiwa imefunguliwa, kama plagi ya kihisi cha mbele imekaa. Kama imekaa na taa bado inawaka, peleka gari kwa fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu za kompyuta ya gari, mweleze kwamba bampa ilitolewa na upande gani ulifanyiwa kazi zaidi, na umwombe akuandikie kodi kabla ya kuifuta.